Winga wa Tatu

Kocha wetu hakupenda mabeki, na mimi nilikuwa beki. Miaka yote niliyocheza chini yake sikumsikia akimsifu mtu kwa kuzuia mpira. Ukiuzuia, yeye alitazama umeupeleka wapi. Ukiupeleka pembeni kwa winga, aliinamisha kichwa kidogo kukubali, basi. Ukiubutua mbele ili upate kupumua, aligeuka akautazama mlima wa Loleza, kana kwamba mpira wa maana ulikuwa unachezwa huko juu.

Mbeya nzima ya miaka ile ya hamsini ilimjua kwa jina hilo moja, Kocha. Kazi yake ya mchana ilikuwa useremala katika karakana ya malori, kutengeneza bodi na mabenchi, na hata huko walimwita Kocha. Alikuja mjini kutoka Chunya, machimbo ya dhahabu yalipoanza kufa. Hakuwa na mke. Alipanga chumba cha uani kwa Mzee Sefu, mwenye duka ambaye wazazi wake walitoka pwani, na ambaye alikuwa mwenyekiti wa timu yetu. Mzee Sefu alikuwa akisema kwamba nyumbani kwake kunalala mtu mpole kuliko paka, lakini ukimtaja winga mbele yake, mtu huyo anakuwa kichaa.

Ni kweli alikuwa na kichaa hicho. Tulipofungwa, na tulifungwa sana, alitukalisha kwenye nyasi na hakuzungumzia magoli tuliyofungwa. Alizungumzia pembeni. "Uwanja ni mpana," alituambia, "nyinyi mnasongamana katikati kama ng'ombe waliofungiwa zizini." Wakati mwingine alikata vijiti, akavipanga chini, akatuonyesha winga akishuka na mstari mpaka karibu na kibendera, kisha anaurudisha mpira nyuma. Vijiti vya mabeki hakuvipanga. Siku moja nilimwuliza mimi niko wapi pale. Akatafuta kijiti, akakosa, akachukua kokoto.

Nje ya uwanja sijapata kuona mtu mwoga kama yeye. Maji yake alichemsha mara mbili. Alivaa koti jua likiwaka, kwa sababu jua la Mbeya, alisema, lina baridi ndani yake. Mvua zikinyesha hakuvuka kijito hata kama watoto wa shule walikuwa wanavuka. Alizunguka njia ndefu ya darajani akafika amechelewa na viatu vikavu. Timu ilipokuwa inasafiri alilizunguka lori akigonga matairi kwa fimbo, kisha akamsogelea dereva karibu kabisa, na sote tulijua kwamba anamnusa kama amekunywa. Ndani ya lori alikaa nyuma kabisa, penye bodi ya kufungulia, ili lori likipinduka awe wa kwanza kuruka. Hilo hakulificha. Alituambia wazi, na akatushauri na sisi tukae huko.

Habari za Chunya alitusimulia mara moja tu, siku tuliyokuwa tunangoja mvua ikatike kwenye kibaraza cha Mzee Sefu. Alisema huko alikuwa akikata miti ya nguzo, zile za kuzuia mashimo yasiporomoke. Wachimbaji walikuwa na haraka. Aliyengoja nguzo zisimame kwanza alikuta mwenzake ameshachimba akapata. Aliyeingia bila nguzo alipata dhahabu, au alipata udongo kichwani.

Mzee Sefu akamwuliza, sasa kwa nini mtu aliyekuwa anakata nguzo hataki mabeki?  Kocha akasema kwamba alikata nguzo nyingi mno, na hajapata kumwona mtu akiishangilia nguzo. Tulicheka sana siku ile. Yeye hakucheka.

Rafiki yake, na nadhani ndugu pekee aliyekuwa naye, alikuwa golikipa wetu, Ambakisye. Huyu alikuwa Mnyakyusa kutoka upande wa Rungwe, mtu wa kifua kipana na sauti ya kanisani, fundi wa kupaka chokaa na rangi. Aliishi Ilomba na mkewe Tusekile na watoto. Kila Jumapili Kocha alikwenda kula kwao, na kila Jumapili waligombana. Kocha alidai ndizi si chakula cha kushibisha mwanaume. Ambakisye akamjibu kwamba mtu asiye na mke hana haki ya kuchagua chakula. Waliitana "kaka", wote wawili, hata ikawa hujui nani mkubwa. Golini Ambakisye alikuwa hodari. Nilicheza mbele yake misimu mingi na nilikuwa sigeuki nyuma kutazama, maana sauti yake ilitosha kuniambia kila kitu.

Halafu chokaa ikamwingia jichoni. Alikuwa juu ya ngazi anapaka dari, ikadondoka, ikamchoma jicho la kushoto. Alikaa nyumbani kidogo, jicho limefungwa kitambaa, kisha akarudi kazini na golini akasema limepona. Kwa nje lilionekana zima.

Niliijua hali yake asubuhi moja ya mazoezi. Mbeya asubuhi ina ukungu, hilo si jambo la ajabu. Lakini siku ile ulikuwa umeshaondoka. Loleza ulikuwa wazi, unaweza kuona mti mmoja mmoja. Ambakisye akanifuata, akaniwekea mkono begani, akaniambia, "Leo ukungu mzito, beki wangu. Usiende mbali na mimi." Nilimtazama usoni nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Tangu siku ile nilianza kugeuka nyuma. Nilimwona akipapasa mlingoti wa goli kila mara, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Nilimwona akipewa kikombe cha chai, mkono wake ukapita kando ya kikombe, kisha ukakirudia. Mipira iliyotoka kushoto kwake ilianza kuingia. Msimu ule tulimaliza mkiani.

Sasa, timu za mji tulikuwa na utaratibu wetu. Kila mwaka kabla ya ligi, vijana wageni waliokuja mjini kutafuta kazi walichezeshwa uwanjani Jumamosi, watu wakiwatazama. Kisha viongozi wa timu walikutana ukumbini kuwagawana, ili timu moja isiwabebe wote. Timu iliyoshika mkia ilichagua kwanza. Kwa hiyo mwaka ule sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kuchagua.

Jumamosi ile walionekana wawili waliowazidi wenzao. Mmoja alikuwa golikipa, Mhehe mrefu, askari wa magereza aliyehamishwa kutoka Iringa, aliyeudaka mpira kama anachuma embe. Mwingine alikuwa kijana anaitwa Lugano, mwembamba, mwenye mbio, aliyekuja kuuza dukani kwa binamu yake. Lugano alikuwa winga.

Tayari tulikuwa na mawinga wawili, tena wazuri, ndio peke yao waliokuwa wazuri kwetu. Mji mzima ulijua tunachokosa. Mzee Sefu alimwita Kocha dukani kabla ya mkutano, nami nilikuwepo. Alimwambia kwa upole kwamba hapa hakuna la kufikiri; yule Mhehe hatapatikana tena, timu itakayochagua ya pili itamchukua hapo hapo. Kocha alisikiliza mpaka mwisho. Mzee Sefu akamwuliza, "Winga wa tatu atakaa wapi? Uwanja una kushoto na kulia tu."

"Mmoja nitamwingiza ndani," Kocha akajibu. "Mpira ukiwa kwao muda wote, Mzee, golini kwetu kutakuwa na kazi gani?"

Ukumbini walipoitaja timu yetu, Kocha alisimama amevaa koti lake, akasema neno moja tu, "Lugano," akaketi. Watu wengine waliguna. Viongozi wa timu ya pili hata hawakungoja waulizwe. Walimtaja Mhehe wao huku wakicheka. Ambakisye alikuwa nyuma ukumbini. Alipiga makofi.

Kiangazi kilipokaribia, Tusekile alikuja uwanjani. Mazoezi yalikuwa yameisha, mumewe ametangulia kazini. Alikuwa ametoka sokoni, kikapu bado kichwani. Alikitua, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi yao kwa mtu wanayemheshimu, akamsalimu Kocha. Mimi nilikuwa nafungua kamba za viatu hapo karibu, na hakunijali.

"Shemeji," alimwambia, "mume wangu haoni jicho la kushoto. Usiku anapapasa ukuta. Mimi hanisikilizi. Wewe atakusikiliza. Naomba umpumzishe."

Kocha alitazama chini. Alimwambia kwamba wachezaji wote wameshagawanywa, hana mwingine wa kuweka pale. Akaongeza kwamba msimu huu ukiisha ataliangalia jambo hilo yeye mwenyewe.

"Msimu utaisha lini?"

"Tukirudi kutoka Iringa, shemeji, kwenye mechi ya kufunga msimu."

Tusekile akasema, "Ndaga," asante ya kwao, akajitwika kikapu chake. Kocha alibaki amesimama pale pale mpaka yule mama alipotokomea nyuma ya miti ya mikaratusi. 

Lazima niseme ukweli kuhusu Lugano, kwa sababu baadaye watu walipenda kuusahau. Alikuwa kila kitu alichotuahidi Kocha. Akipata mpira mstarini, watu wa jukwaani walinyanyuka. Mwaka ule tulifungwa mengi, lakini tulifunga mengi zaidi, na kutoka mkiani tukapanda mpaka wa pili. Ndivyo tulivyopata nafasi ya kwenda Iringa, kucheza na timu ya kule mechi ya kufunga msimu. Mji ulitupenda. Hata Mzee Sefu alianza kusema kwamba labda kichaa ni yeye mwenyewe.

Ila mimi niliyecheza nyuma sikulala vizuri. Kila tulipofunga goli nilijua kuwa mpira unarudi kwetu, na kwamba siku moja utarudi kwa upande usioonekana. Nilihamia kushoto bila kuambiwa. Nilipiga kelele mpaka nikapoteza sauti: kushoto, kushoto, inakuja kushoto. Ambakisye alikuwa ananijibu kwa utani kwamba nimekuwa mke wake wa pili.

Tulikwenda Iringa mwezi wa Julai, na kule Mufindi baridi ilikuwa imetukausha midomo. Kocha aligonga matairi, akamnusa dereva, akakaa nyuma. Kesho yake tukacheza. Upepo wa Iringa siku ile ulipeperusha vumbi likavuka uwanja kama moshi, na watu walikuwa wengi. Lugano alicheza mchezo ambao sijauona tena. Magoli yetu matatu yote yalitoka miguuni mwake, na wenyeji wenyewe walimpigia makofi.

Ilikuwa matatu kwa mawili, mechi inakaribia kwisha, walipoukokota mpira kwa upande wangu. Mtu mmoja akanipita. Nikapiga kelele. Ambakisye aliisikia sauti, akaruka, lakini aliruka kuelekea mahali ambapo mpira ulikuwa umeshaondoka. Mguu wa mshambuliaji ulikuwa umeshainuliwa. Kijana yule wa Iringa hakukusudia. Nilimwona akijaribu kuurudisha. Kiatu kikampata Ambakisye juu ya sikio. Mpira ukatoka nje.

Aliinuka. Ndiyo maana hakuna aliyeogopa. Aliinuka, akacheka, akaushika mlingoti, na aliushika vivyo hivyo mpaka filimbi ikalia. Watu wetu waliingia uwanjani wakamnyanyua Lugano mabegani. Nilimtafuta Kocha katika shangwe ile nikamkosa. Kisha nikamwona upande wa pili kabisa, anakimbia. Mtu yule ambaye hakupata kukimbia hata mvua ikimnyeshea alikuwa anakimbia, koti linapepea, kuelekea golini kwetu.

Asubuhi Ambakisye alitapika chai. Sikio lilikuwa limetoa maji mekundu juu ya mto. Kocha alitaka abaki hospitali Iringa, akasema yeye mwenyewe atabaki naye. Ambakisye alikataa. Alisema atapumzika Ilomba, kwa mkewe, si kwa watu asiowajua. Walibishana pale uani, wakibishana kama walivyobishana juu ya ndizi, na Kocha akashindwa. Akamsaidia kupanda lori.

Siku ile Kocha hakukaa nyuma. Aliketi mbele kabisa, mgongo umeegemea ubao wa kichwa cha lori, kichwa cha Ambakisye kikiwa mapajani mwake. Alilivua koti akalishika juu ya uso wa mwenzake kumkinga jua na vumbi. Mwanzoni tulimsikia Ambakisye akisema neno moja moja. Baada ya Igawa alikuwa anakoroma, na ule haukuwa mkoromo wa usingizi. Tulipofika Chimala wanawake walilikimbilia lori na vikapu vya mchele, na dereva akaanza kupunguza mwendo, kwa kuwa kila lori lilisimama pale.

"Usisimame," Kocha alisema. Hakupaza sauti, lakini dereva alimsikia.

Nilitazama. Mkono wa Ambakisye uliokuwa umeshika upindo wa koti ulikuwa umelala juu ya ubao, umegeuka kiganja juu, unatikisika kwa mtikisiko wa lori tu. Nilijua. Lugano aliyekaa karibu nami alijua pia, akavuta jezi yake akajifunika uso.  Kocha alilishika koti vile vile, mikono imenyooka, kupanda milima yote mpaka Mbeya, na mara kwa mara aliinama akasema maneno ambayo hatukuyasikia. Hakuna aliyethubutu kumwambia aishushe mikono.

Jeneza alilitengeneza yeye. Siku ya maziko, Tusekile alimpa nafasi ya kukaa na ndugu wa marehemu, na watu walishangaa. Lakini kaburi lilipokwisha kufukiwa alimwendea mbele ya wote, akamwambia, "Nilikuomba."

"Ndiyo, shemeji," Kocha akajibu. 

Mji ukabadilika. Wale waliomshangilia walianza kukumbuka ule mkutano wa ukumbini. Walisema dukani, klabuni, hata nje ya kanisa, kwamba Kocha alimwua mtu kwa ajili ya mawinga. Yule Mhehe alikuwa akidaka kila Jumamosi mbele ya macho yetu, na kila alipodaka watu walimgeukia Kocha. Alivumilia kwa muda, kisha akamrudishia Mzee Sefu ufunguo wa chumba, akaondoka. Lugano naye alikwenda Dar es Salaam, akapata timu huko.

Muongo ule ulikuwa unakaribia kwisha nilipomwona tena. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya barabara, na tulipiga kambi Chimala kujenga kalvati la kupitisha maji chini ya barabara. Nilikwenda sokoni kutafuta fundi wa kunichongea mpini wa sururu, wakanielekeza kwenye kibanda nyuma ya mashine ya mpunga. Nikamkuta anapiga randa ubao wa mlango. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi. Alinitambua kabla sijamsalimia, akaniita beki wangu. Maneno hayo yalinishtua, kwa sababu aliyeniita hivyo alikuwa mtu mwingine.

Alinichemshia chai. Aliuliza habari za Mzee Sefu, akauliza habari za Lugano, na nilipomwambia kwamba anasifiwa sana huko pwani, alifurahi waziwazi. Aliniambia vijana wa Chimala wameanzisha timu na wamekuja mara nyingi kumwomba awafundishe. Anawachongea milingoti tu. Kila mwezi, alisema, hupanda lori lolote linalokwenda Mbeya, akampelekea Tusekile mchele. Tusekile anapokea, anamkaribisha ndizi, wanakula bila kuzungumza.

Ndipo nikamwuliza kama alijua habari ya jicho wakati ule wa kuchagua, kabla yule mama hajaja.

Aliiweka randa chini. Aliniambia alijua tangu wiki ile ile chokaa ilipomwingia. Ambakisye mwenyewe alimwambia. Na Jumapili ya kabla ya mkutano, baada ya chakula, alimsindikiza Kocha njiani, na huko njiani akamshika mkono akamwomba asimlete golikipa mwingine. Alimwambia kazi ya rangi inamponyoka, anakosea mistari, mabwana wameanza kumkataa. Goli ndilo limebaki. Akilipoteza na hilo, watoto watamwonaje?

"Kwa hiyo hukumchukua Lugano kwa sababu ya uwinga wake," nilisema.

"Nilimchukua kwa yote mawili. Nilimpenda winga, na niliogopa kaka yangu asije akalia." Alifuta maranda kwenye ubao kwa kiganja. "Usiende kuwaambia watu kwamba aliniomba. Aliniomba, lakini aliyesimama ukumbini ni mimi."

 Nje wanawake walikuwa wanapepeta mchele, na lori la kuelekea Mbeya lilikuwa linanguruma barabarani. Nikamwuliza, kama ukumbi ule ungefunguliwa leo, na timu yetu ikatajwa kwanza, angesema jina gani?

"Yule Mhehe," alisema bila kungoja. "Na Ambakisye angeninunia. Unamjua, angeninunia mpaka leo. Angekuwa pale Ilomba, amekaa mlangoni kwake, mtu mzima na jicho lake moja, akiniona napita anaugeuza uso ukutani."

Alisema hivyo akitazama mbele, uso wake umelegea, kama mtu anayesimulia kitu kizuri alichokiona. Kisha akaokota kipande cha mti cha kunichongea mpini, akauliza sururu yenyewe ni ya ukubwa gani.